Kuchagua vifaa vya kompyuta yako ya kwanza ya gemu kwa bajeti ya kubana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nianze na prosesa au kadi ya grafiki?

Anza na skrini. Kabla hujajua utachezea skrini gani, hakuna anayeweza kukwambia kadi ipi inakutosha. Skrini ya 1920×1080 ina pikseli zipatazo milioni 2.07. Ya 2560×1440 ina milioni 3.69, na ya 3840×2160, maarufu kama 4K, ina milioni 8.29. Kadi ya grafiki huchora pikseli zote hizo upya kwa kila fremu, yaani kila picha moja ya mchezo, kwa hiyo 4K ni kazi mara nne ya 1080p. Halafu kuna Hz, yaani skrini hubadilisha picha mara ngapi kwa sekunde. Skrini ya 60 Hz inaipa mashine milisekunde 16.7 kuandaa fremu moja. Ya 144 Hz inaipa 6.9 tu.

Kwa mtu anayeunda mashine ya kwanza na pesa zake zina mwisho, 1440p ya 144 hadi 180 Hz ndipo pesa inapoonekana kwa macho. 4K inadai kadi za bei ya juu kabisa, na kadi hizo zikishanunuliwa vifaa vingine vyote vinabaki kuokoteza makombo. Kama una skrini ya 1080p na huna mpango wa kuibadilisha, usinunue kadi ya 4K: ni kukodi basi la abiria 60 kubeba watu wawili. Anayecheza gemu za ushindani kama Counter-Strike 2 au Valorant hesabu yake ni tofauti. Gemu hizo ni nyepesi kwa kadi, zinachotaka ni fremu nyingi, na fremu nyingi hutoka kwenye prosesa.

Bajeti niigawe vipi?

Kwa mashine peke yake, bila skrini, kibodi wala maus, mgawanyo unaofanya kazi ni huu: kadi ya grafiki 40%, prosesa 17%, ubao mama 11%, RAM 9%, SSD (hifadhi ya gemu na mafaili) 8%, pawa saplai 8%, kasha na feni zake 5%, kipoozaji cha prosesa 2%. Si sheria. Kadi inaweza kufika 45% bila madhara; ikivuka 50%, tazama ni nini ulichokinyima. Mara nyingi utakuta ni pawa saplai, na hicho ndicho kifaa pekee kinachoweza kuondoka na wenzake kikifa.

Tangu mwishoni mwa 2025 hesabu ya RAM imevurugika. Watengenezaji wa chipu za kumbukumbu wameelekeza uzalishaji kwenye seva za akili bandia, na bei za RAM zimepanda sana, za SSD nazo zikafuata. Ukikuta RAM inakula 15% au 20% ya bajeti, punguza kwenye kasha na kwenye ubao mama wa mapambo. Njia nyingine ni kurudi kwenye AM4, soketi (kiti cha prosesa kwenye ubao mama) ya zamani ya AMD, ambayo hutumia RAM ya kizazi kilichopita, DDR4. Prosesa ya Ryzen 5 5600 na RAM ya DDR4 iliyotumika bado ni mashine ya heshima.

Tenga pia kiasi kidogo pembeni. Kebo ya DisplayPort, feni ya ziada na flashi ya kuwekea Windows havimo kwenye orodha ya mtu yeyote, lakini siku ya kuunganisha vyote vinahitajika.

VRAM kiasi gani inatosha?

VRAM ni kumbukumbu iliyo kwenye kadi yenyewe. GB 8 ni za 1080p, tena kwa kushusha ubora wa picha zinazofunika kuta na vitu (textures) katika gemu mpya. GB 12 zinatosha 1440p kwa gemu nyingi. Kama unataka kadi ikae nawe miaka minne au mitano, tafuta GB 16.

VRAM ikijaa, kadi inaanza kuazima nafasi kwenye RAM ya kawaida kupitia PCIe, njia inayoiunganisha kadi na ubao mama, ambayo ni nyembamba kuliko ile inayoiunganisha na kumbukumbu yake yenyewe. Wastani wa fremu unaweza kubaki mzuri tu, ila mchezo unakwama kila ukigeuka, au kuta zinabaki na ukungu sekunde kadhaa kabla ya kuonekana vizuri. Ndiyo maana mtu hutazama grafu ya wastani, akanunua, kisha akashangaa.

Soma boksi, si jina. RTX 4060 Ti na RTX 5060 Ti za NVIDIA na RX 9060 XT ya AMD zote ziliuzwa za GB 8 na za GB 16 kwa jina lilelile. Tena RTX 4060 na ndugu zake hao wawili wa RTX hutumia njia 8 tu za PCIe badala ya 16. Ukizichomeka kwenye ubao wa zamani wa PCIe 3.0, adhabu ya VRAM kujaa inakuwa kubwa zaidi. Upande wa pili, VRAM kubwa haigeuzi chipu dhaifu kuwa yenye nguvu. RTX 3060 ina GB 12 na RTX 3070 ina GB 8, lakini 3070 ndiyo yenye kasi mradi kumbukumbu haijajaa.

NVIDIA, AMD au Intel?

Chukua kadi mbili au tatu za bei inayokaribiana, kisha linganisha vipimo vya gemu unazocheza wewe kwenye rezolusheni yako. Kwa kawaida Radeon, kadi za AMD, hukupa fremu nyingi zaidi kwa pesa ileile kama hutumii ufuatiliaji wa miale ya mwanga (ray tracing). GeForce ya NVIDIA ina nguvu zaidi miale hiyo ikiwashwa, na programu nyingi za kuhariri video na za michoro ya 3D huzipendelea kadi zake. Teknolojia za kukuza picha, yaani kuchora pikseli chache kisha kuzikuza zijae skrini, pia zinahesabika: modeli mpya ya DLSS 4 ya NVIDIA inafanya kazi hata kwenye RTX za mfululizo wa 20, ilhali FSR 4 ya AMD ilitoka rasmi kwa ajili ya RX 9000.

Arc B580 ya Intel ina GB 12 kwa bei ya chini, lakini inadai mambo mawili: Resizable BAR (mpangilio unaoiruhusu prosesa kuifikia VRAM yote kwa mkupuo) iwe imewashwa kwenye BIOS, programu ya msingi ya ubao mama, na prosesa iwe ya karibuni. Ukiiweka na prosesa ya zamani, draiva yake inaielemea prosesa na fremu zinashuka vibaya.

Kuhusu fremu za kutengenezwa, zile ambazo kadi hubuni na kuzipachika kati ya fremu halisi, usizitie kwenye hesabu ya ununuzi. Zinalainisha picha lakini hazipunguzi muda kati ya kubonyeza na kuona. Ukiwa na fremu halisi 60 zinapendeza. Ukiwa na 30, skrini itaonekana nyepesi na mkono utahisi mzito.

Prosesa ipi?

Kwa gemu, viini (cores) 6 na nyuzi (threads) 12 vinatosha: Ryzen 5 7600 kwa AM5, soketi mpya ya AMD, Core i5-12400F kwa soketi ya LGA1700 ya Intel, Ryzen 5 5600 kwa AM4. Kupanda hadi viini 12 au 16 ni kwa anayehariri video. Kinachoongeza fremu zaidi ya viini ni kashe, kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa. Ryzen 7 7800X3D ina MB 96 za kashe ya L3, wakati 7600 ina 32. Tofauti hiyo huonekana sana kwenye gemu za kuendesha miji na vita vyenye askari wengi, na kwenye zile za ushindani zinazochezwa kwa fremu zaidi ya 200. Kwenye 1440p na kadi ya daraja la kati tofauti hunyauka, kwa sababu anayesubiriwa ni kadi.

Soma herufi za mwisho. F kwa Intel maana yake haina grafiki ya ndani, basi kadi yako ikiharibika huna picha kabisa. K maana yake unaweza kuongeza kasi kupita ile ya kiwandani. 7600 ya kawaida huja na feni yake ndani ya boksi. 7600X na 7800X3D haziji nayo.

Prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14, hasa za ngazi ya juu, zilikumbwa na tatizo la volti kupanda mno hadi kuzichakaza. Intel ilitoa marekebisho ya mikrokodi (programu ya ndani ya prosesa) mwaka 2024 na kuongeza waranti kwa miaka 2. Ukinunua mpya, sasisha BIOS kabla ya kitu kingine chochote. Iliyotumika iache, kwa sababu marekebisho huzuia uharibifu mpya tu, ule wa zamani hauponi.

Nimeambiwa prosesa yangu "itaibana" kadi. Nitajuaje?

Zile tovuti zinazokupa asilimia ya kubanana zipuuze. Daima kuna kifaa kinachomsubirisha mwenzake, na hubadilika kutoka gemu hadi gemu. Zima V-Sync (inayofunga idadi ya fremu kwenye Hz za skrini) na kikomo cha fremu, kisha tazama matumizi ya kadi ukiwa ndani ya mchezo. Yakiwa 95% kwenda juu, kadi inafanya kazi yake yote. Yakiwa 60% au 70%, shusha rezolusheni ujaribu tena: fremu zisipopanda, kikwazo ni prosesa au RAM. Usidanganyike na prosesa kuonyesha 35%. Hiyo ni ya nyuzi zote kwa pamoja. Uzi mmoja tu ukijaa, gemu inausubiri.

Ubao mama wa bei rahisi una ubaya gani?

Hauna ubaya ukichagua kwa macho. Kwa AM5, ubao wa kawaida wenye chipu ya B650 au B850 unatosha. A620 hairuhusu kuongeza kasi ya prosesa, na nyingi zina mfumo mwembamba wa kulisha prosesa umeme, kwa hiyo ziweke na prosesa za wati 65 tu. Kwa LGA1700, B760 inatosha isipokuwa unataka kuchezea prosesa ya K.

Tazama vitu hivi: mabamba ya kupozea juu ya sehemu ya umeme karibu na soketi, nafasi 2 za M.2 (za kuchomekea SSD), nafasi 4 za RAM kama bei ni ileile, Wi-Fi kama huna waya wa mtandao, na kitufe cha BIOS Flashback, kinachosasisha BIOS bila mashine kuwaka. Hicho cha mwisho ndicho kinachookoa watu. Ubao uliokaa stoo unaweza kuwa na BIOS ya zamani isiyoijua prosesa mpya. Utawasha, feni zitazunguka, picha haitokei. Ukiwa na Flashback, unaumbiza flashi kwa FAT32, unaweka faili la BIOS kwa jina ambalo kijitabu cha ubao kinataka, unaichomeka kwenye tundu la USB lililowekewa alama yake, unaunganisha waya wa pini 24 na ule wa pini 8 wa prosesa, kisha unabonyeza kitufe sekunde chache hadi taa ianze kumetameta. Usiguse kitu hadi itulie.

AM5 ina faida nyingine: AMD imeahidi kuendelea nayo hadi 2027 na kuendelea. AM4 na LGA1700 zimefika mwisho wa njia, ingawa kwa bei nzuri bado ni halali yake.

RAM: GB 16 au 32? Na kasi gani?

GB 32 katika vijiti viwili vya 16. Kijiti kimoja hufungua njia moja tu ya kumbukumbu, na gemu zinazotegemea prosesa zitakulipiza. Vijiti vinne vya DDR5 navyo si mpango mzuri: prosesa hushindwa kuviendesha kwa kasi ya juu, ikashuka hata chini ya ile uliyolipia. Kwa hiyo usinunue 2×8 leo ukitegemea kuongeza 2×8 kesho.

Kwa AM5 lenga DDR5-6000 CL30. CL ni mizunguko ambayo RAM husubiri kabla ya kujibu. Ucheleweshaji halisi kwa nanosekunde unaupata hivi: CL mara 2000, gawa kwa kasi. 6000 CL30 ni 10, 6000 CL36 ni 12, DDR4-3200 CL16 ni 10 vilevile. Ukiona kijiti cha kasi kubwa kwa bei ndogo, fanya hesabu hii kwanza.

Vichomeke kwenye nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kisha ingia BIOS uwashe EXPO kwa AMD au XMP kwa Intel, mpangilio unaoipa RAM kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Bila hivyo, RAM ya 6000 itatembea kwa 4800 au 5200 milele na hakuna atakayekuambia. Programu ya CPU-Z ikionyesha 3000 MHz usiogope, inaonyesha nusu.

SSD ya aina gani?

NVMe (SSD inayopita njia ya PCIe) ya M.2 yenye kipimo cha 2280, yaani upana wa mm 22 na urefu wa mm 80, PCIe 4.0, TB 1. SSD za SATA, njia ya zamani ya kuunganisha diski, hukomea kama MB 550 kwa sekunde, za PCIe 3.0 kama 3500, za 4.0 hufika 7000. Za 5.0 ni ghali, zina joto, na kwenye kufungua gemu hutaona tofauti. Angalia tu kwamba M.2 unayonunua ni NVMe, kwa sababu kuna M.2 za SATA zenye umbo linalofanana na mwendo wa SSD za kawaida. Acha kama 15% wazi. Ikijaa, uandishi unakuwa mzito.

Pawa saplai ya wati ngapi, na hiyo "Gold" ina maana gani?

Jumlisha. RTX 5070 imepangiwa wati 250. Ryzen 5 7600 inaruhusiwa kufika 88. Ubao, RAM, SSD, feni na vya USB viwekee 70. Jumla 408. Zidisha kwa 1.5 unapata kama 610, kwa hiyo 650 inatosha na 750 inakupa nafasi ya kadi kubwa zaidi baadaye. Ziada hiyo haipotei bure: kadi za kisasa huruka kwa milisekunde chache kupita kiwango chao, na pawa saplai dhaifu huona ruko hilo kama hitilafu, ikazima mashine katikati ya mchezo.

Gold ni daraja la alama ya 80 Plus, na 80 Plus hupima ufanisi, basi. Gold ina ufanisi wa karibu 90% ikiwa nusu ya mzigo. Mashine ikihitaji wati 400, ukutani zitatoka kama 445 na zilizobaki ni joto. Haisemi lolote kuhusu kinga dhidi ya volti kuzidi, mkondo kuzidi, nguvu kuzidi, joto kuzidi au shoti. Hizo zitafute kwenye maelezo kwa vifupisho OVP, OCP, OPP, OTP na SCP, na uangalie waranti. Mtengenezaji anayetoa miaka 7 au 10 anajua alichoweka ndani.

Halafu geuza uisome lebo. Prosesa na kadi hula mstari wa 12V, kwa hiyo chukua ampea za 12V uzidishe kwa 12. Pawa saplai iliyoandikwa 600W kwa herufi kubwa lakini lebo ikasema 12V kwa 25A inakupa wati 300. Hiyo ni ya kompyuta ya ofisini iliyovaa shati la gemu.

Waya nazo zina mambo yake. Plagi ya pini 8 ya prosesa na ya pini 8 ya kadi zinafanana lakini hazibadilishani. Ya prosesa hugawanyika 4+4, ya kadi 6+2. Plagi ya kadi ya pini 8 imekadiriwa wati 150, na nafasi ya PCIe yenyewe hutoa hadi 75. Kadi yenye matundu mawili ipe waya mbili tofauti kutoka kwenye pawa saplai, si waya mmoja wenye vichwa viwili. Plagi ndogo ya pini 16 (12VHPWR au 12V-2x6) isukume mpaka iingie yote bila ufa, na usiikunje karibu na mdomo. Baadhi ya zilizoyeyuka zilikuwa hazijaingia sawasawa. Na usichukue waya za pawa saplai moja ukazichomeka kwenye nyingine hata kama zinaingia. Upande wa pawa saplai mpangilio wa pini hauna kiwango cha pamoja, na volti 12 ikiingia mahali pa 5 diski zinaungua hapohapo.

Ukiweka UPS, kumbuka VA si wati. UPS ya 1000 VA mara nyingi hutoa kama wati 600.

Kipoozaji cha maji ni lazima?

Hapana. Mnara wa hewa wenye feni mbili za mm 120 unaimudu 7800X3D bila kelele. Wa maji una pampu, na pampu huchakaa. Ryzen za 7000 zimeundwa kuvumilia hadi nyuzi 95 za Selsiasi, za X3D hadi 89, kwa hiyo kuona 80 kwenye kazi nzito si dharura. Kuona 95 sekunde chache tu baada ya kuwasha ni dharura, na kisababishi cha kwanza cha kukagua ni ile karatasi ya plastiki chini ya kipoozaji ambayo hukuibandua.

Kasha?

Mbele liwe la wavu, si kioo. Feni mbili zinazoingiza na moja inayotoa nyuma zinatosha. Kioo mbele ni kizuri kwenye picha ya tangazo.

Nitajuaje vifaa vitaingiliana kabla ya kulipa?

Soketi ya prosesa na ya ubao zifanane. Aina ya RAM iendane na ubao. DDR4 na DDR5 hazibadilishani. Urefu wa kadi uwe chini ya ule unaoruhusiwa na kasha, ukitoa unene wa feni za mbele kama milimita 25. Kimo cha kipoozaji, mara nyingi milimita 155 hadi 160, kiingie kwenye upana wa kasha. Idadi ya plagi za kadi iwepo kwenye pawa saplai. Kisha fungua ukurasa wa mtengenezaji wa ubao usome orodha ya prosesa na toleo la BIOS linalohitajika kwa yako. Kwenye baadhi ya mbao, kuijaza nafasi ya pili ya M.2 huzima tundu la SATA; kijitabu kinasema lipi.

Ninunue vilivyotumika?

Baadhi. Kasha, kipoozaji cha hewa, RAM na prosesa huzeeka polepole. Pawa saplai nunua mpya. SSD ya mtumba ni kamari hata programu ya CrystalDiskInfo ikionyesha afya nzuri.

Pesa kubwa huokolewa kwenye kadi, na hapo pia ndipo wengi huumia. Dai kuiona ikifanya kazi. Fungua GPU-Z, programu inayoitambua kadi, kwanza: kadi za kale zimewahi kuandikwa upya programu ya ndani ili zijiite GTX 1050 Ti, na GPU-Z huziwekea neno FAKE. Kisha iendeshe chini ya mzigo dakika 20 au 30. Vidoa vya rangi, mistari au skrini kuzima ni ishara ya kuondoka. Linganisha joto la kawaida la chipu na lile la sehemu yake yenye joto zaidi: tofauti ikizidi nyuzi 25 hadi 30, pesti ya kupitisha joto imekauka au kipoozaji hakijakaa, jambo linalotengenezeka lakini linastahili kupunguziwa bei. Sikiliza kila feni. Jaribu kila tundu la picha. Kadi iliyochimba sarafu za kidijitali si lazima iwe mbovu. Feni zake ndizo hutangulia.

RAM ipitishe kwenye programu ya MemTest86 duru nzima, na kosa moja tu linatosha kuikataa. Prosesa ya AM4 igeuze uangalie pini. Kwa AM5 na Intel pini ziko kwenye ubao, kwa hiyo ubao usio na kifuniko cha soketi uutazame kwa tochi kutoka pembe mbalimbali.

Nimeunganisha kila kitu, haitoi picha. Nifanye nini?

Kama ni AM5 na ni mara ya kwanza, subiri. Ubao unaijaribu RAM, na unaweza kukaa dakika kadhaa kwenye skrini nyeusi. Wengi huzima hapo, wakaanza upya, wakazima tena, na wakahitimisha kwamba ubao ni mbovu.

Baada ya dakika 15 bila dalili, tazama taa ndogo za ubao zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Ikiganda kwenye CPU, kagua waya wa pini 8 juu kushoto, kisha toleo la BIOS, kisha pini za soketi. Kwenye DRAM, bakiza kijiti kimoja kwenye nafasi ya pili na ukisukume mpaka kilie "tak". Kisipokubali, jaribu cha pili. Kwenye VGA, kagua waya za kadi na uichomeke upya. BOOT si tatizo: mashine imepona, inatafuta Windows tu. Ukikwama, zima ukutani na ufute kumbukumbu ya BIOS kwa pini mbili zinazoonyeshwa kwenye kijitabu.

Isiyowaka kabisa, hata feni kutikisika, kwa kawaida ni swichi ya nyuma ya pawa saplai au waya wa kitufe cha kasha uliokaa pini isiyo yake. Ili kuutenga, gusanisha pini mbili za kitufe cha kuwashia kwenye ubao, PWR_SW, kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Na kama inawaka na kuzima papo hapo, toa ubao utazame chini yake: nguzo ya shaba iliyobaki mahali ambapo ubao hauna tundu hutengeneza shoti.

Windows lazima ninunue siku ya kwanza?

Si lazima siku ya kwanza. Windows 11 hukubali kuwekwa bila ufunguo, ikikuachia maandishi kwenye kona na kukunyima mipangilio ya mwonekano hadi uinunue. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo usianzie huko. Linux nayo inaendesha gemu nyingi za Steam kupitia Proton (programu inayoziwezesha gemu za Windows kwenye Linux), ila baadhi ya gemu za mtandaoni zenye ulinzi mkali dhidi ya udanganyifu hukataa katakata.

Vifaa vipya, lakini gemu inakwama. Kwa nini?

Kwa mpangilio wa jinsi inavyotokea mara nyingi: kebo ya skrini imechomekwa kwenye ubao mama badala ya kadi, Windows imeacha skrini kwenye 60 Hz ingawa ni ya 165, EXPO au XMP haijawashwa, RAM zote mbili ziko nafasi za jirani, 1 na 2, draiva ya kadi ni ile iliyowekwa na Windows yenyewe. Kama umebadilisha kadi kutoka kampuni moja kwenda nyingine, ondoa draiva za zamani zote kwa DDU, programu ya kufuta draiva, kabla ya kuweka mpya. Na gemu nyingi hukwamakwama dakika chache za mwanzo kwa sababu zinaandaa shada (shaders), programu ndogo ambazo kadi hutumia kuchora picha. Iache imalize menyu ikiwa wazi ndipo uingie mchezoni.

Nisubiri kizazi kijacho?

Kama kimetangazwa na kinatoka ndani ya wiki chache, subiri, maana hata usipokinunua, wenye kadi za sasa wataanza kuziuza. Kama ni tetesi, nunua.